Uzamivu kwa Njia Ipi? Ulinganisho wa Njia Nne kwa Anayeanzia Dar es Salaam

Mhadhiri msaidizi yeyote wa chuo kikuu hapa nchini analijua sharti: bila shahada ya uzamivu (PhD) hupandi kuwa mhadhiri. Miaka hii sharti hilo limekutana na fedha. Mradi wa HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unasomesha wanataaluma wa vyuo vya umma. Nje ya vyuo nako wapo maofisa wa wizara, wa taasisi za utafiti na wa mashirika wanaojaza fomu jioni wakitoka kazini. Karibu wote huanza na swali la chuo: niende Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Muhimbili, Ardhi, Chuo Kikuu Huria, au nitafute nje? Swali la maana zaidi ni unataka kusomeshwa kwa namna gani. Ndani ya jiji hilihili watu wawili wanaweza kutunukiwa shahada ya jina moja, mmoja akiwa amekaa darasani na kufanya mitihani, mwingine akiwa hajasikiliza mhadhara hata mmoja.

Njia ni nne. Kuna tasnifu pekee chini ya msimamizi, kuna kozi kisha tasnifu, kuna uzamivu unaojengwa kwa makala zilizochapishwa, na kuna kusoma ndani ya mtandao wa vyuo au programu ya sandwichi, mguu mmoja hapa na mwingine nje. Hii ya kwanza ndiyo tuliyoirithi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 Mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo cha sheria tu, kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kilichukua desturi ya Uingereza ya mwanafunzi na msimamizi wake. Kozi na mitihani ni desturi ya Marekani. Makala zimezoeleka zaidi Skandinavia na Uholanzi. Mitandao ni jibu la Afrika yenyewe kwa uhaba wa wasimamizi, na kwa maoni yangu ndiyo ubunifu mkubwa kuliko yote katika elimu hii kwa miaka ishirini iliyopita.

Vipimo

Nitazipima kwa mambo manne, yaleyale kwa kila njia.

Kwanza usimamizi. Simaanishi jina la profesa lililoandikwa kwenye barua ya udahili. Namaanisha nani hasa atasoma rasimu yako, atakaa nayo muda gani, na akikaa nayo mno utamwendea nani.

Pili muda, yaani ule wa prospektasi na ule wa kweli. Tatu fedha. Ada ndiyo inayotangazwa, lakini kinachomaliza watu ni nauli za uwandani, posho za wasaidizi wa utafiti, vibali, bando, uhariri, kuchapa na kujalidi nakala, na miezi ambayo mshahara haufiki wote.

Nne ni pa kukwamia. Kila njia ina mahali pake ambapo watu wengi husimama, na mahali hapo panajulikana mapema. Hiki kwangu ndicho kipimo kizito kuliko vyote, maana mtu anaweza kujipima kabla hajalipa hata shilingi ya fomu.

Tasnifu pekee, wewe na msimamizi

*Usimamizi.* Hapa karibu kila kitu kinategemea mtu mmoja au wawili. Ukimpata msimamizi anayesoma, hakuna njia tamu kama hii: unaanza utafiti wako siku ya kwanza, unafuata swali linakokupeleka, na hakuna anayekulazimisha somo usilolihitaji. Ukimkosa, mazungumzo huwa ya namna hii, kwenye WhatsApp, saa tatu usiku:

"Shikamoo Prof. Naomba kukukumbusha ile sura ya tatu."

"Marahaba. Ulituma lini?"

"Mwezi wa pili, Prof."

"Nitumie tena. Imefukiwa na barua nyingine."

Profesa huyo si mtu mbaya. Ana wanafunzi wa uzamili nao wanamsubiri, ana kikao cha bodi ya ndaki, ana mitihani ya shahada ya kwanza ya darasa la mamia. Sura ikirudi, pembeni pameandikwa "Fafanua" kila baada ya aya mbili, bila kusema kifafanuliwe nini. Mwanafunzi anaogopa kuuliza, kwa sababu kwetu kumuuliza mkubwa mara ya pili huonekana kama kumsuta. Heshima hiyo imechelewesha tasnifu nyingi kuliko uhaba wa vitabu.

*Muda.* Miaka mitatu hivi kwenye karatasi kwa anayesoma muda wote. Kwa mfanyakazi huenda zaidi, na ukomo wa usajili huja haraka kuliko anavyodhani.

*Fedha.* Ada huwa nafuu ukilinganisha na njia zenye kozi, na unaweza kuendelea na kazi. Ndiyo maana Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao yake Kinondoni, huvuta watumishi wengi: hakikudai uache ofisi. Gharama yako kubwa itakuwa uwandani.

*Pa kukwamia.* Ni baada ya kukusanya data. Kabla ya hapo kuna mambo yanayokusukuma bila wewe kutaka: semina ya idara ya kutetea pendekezo, kibali cha maadili, barua ya chuo kwenda kwa katibu tawala wa mkoa, kisha wilaya, kisha kata. Ukirudi na madaftari yako na sauti ulizorekodi, hakuna tena barua inayosubiriwa na mtu. Kimya. Mwaka unapita ukisema unachakata data.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali lililokomaa tayari, anayejua mbinu za utafiti za fani yake, na ambaye ameshafanya kazi na msimamizi huyo huko nyuma. Inawafaa sana watu wa fasihi, historia na sheria, ambako hoja inahitaji kitabu kizima ili ikamilike. Na kwa wa Kiswahili, TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili pale Mlimani, unaandika na kutetea tasnifu yako kwa Kiswahili, jambo ambalo mwanafunzi wa fani nyingine analitamani tu.

Kozi kwanza, tasnifu baadaye

*Usimamizi.* Kwa mwaka mmoja au zaidi unalelewa na walimu wengi, si mmoja. Hilo lina faida ambayo watu hawaioni hadi baadaye: ukifika wakati wa kuchagua msimamizi unawajua wote, unajua nani anarudisha kazi kwa wakati na nani hukumbuka semina dakika ya mwisho. Na una wenzako. Waliofanya mtihani mmoja mgumu pamoja hawaachani hivihivi.

Mfano ulio imara ni uchumi. AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi barani Afrika iliyoanzishwa 1988 na yenye makao Nairobi, ilianza mwaka 2002 programu ya pamoja ya uzamivu ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kimoja kati ya vyuo vinavyotoa shahada yake. Masomo ya msingi unasoma chuoni kwako. Masomo ya kuchagua mnakutanishwa Nairobi na wenzenu wa nchi nyingine, mnafundishwa na walimu ambao idara moja peke yake isingeweza kuwakusanya. Kisha unarudi kuandika.

*Muda.* Mrefu zaidi, na huwezi kuudanganya. Darasa lina ratiba, na foleni ya Barabara ya Mandela haisikilizi udhuru.

*Fedha.* Ada juu, na mwaka wa kozi ni mgumu kuuchanganya na kazi ya saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu. Bila ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, fikiri mara mbili.

*Pa kukwamia.* Ni kati ya mtihani wa mwisho na pendekezo la utafiti. Mtu aliyekuwa akiongoza darasa anaambiwa sasa atafute swali lake mwenyewe, na ghafla hakuna anayempa maksi. Wapo wenye alama nzuri za kozi ambao wameishia hapo, na kozi hizo peke yake hazimpandishi mtu cheo.

*Inamfaa nani.* Anayehama fani, aliyemaliza uzamili zamani na takwimu zimemtoka, na wa fani zinazotembea kwa mbinu kama uchumi, takwimu na baadhi ya sayansi. Ukiwa tayari umebobea kwenye mbinu, mwaka huo unaweza kukuchosha bure.

Uzamivu kwa makala

*Usimamizi.* Hapa unaandika makala kadhaa, kila moja ikienda kwenye jarida, kisha unaziunganisha kwa sura inayoeleza zote kwa pamoja zinasema nini. Idadi ya makala, ngapi lazima ziwe zimeshatoka na ngapi zinaweza kuwa bado kwa wahariri, ni kanuni ya kila chuo. Isome mwenyewe kwenye kanuni za masomo ya uzamili, usitegemee ya kuambiwa kantini. Uzuri wake ni kwamba rasimu yako inasomwa na watu wasiokujua. Mhakiki wa jarida hana shikamoo wala haya. Atakuambia sampuli yako ni ndogo na hoja yako haifuati. Inauma, lakini unajua pa kurekebisha.

Kinachohitaji makubaliano mapema ni majina. Nani mwandishi wa kwanza? Msimamizi akisahihisha sarufi tu anaingia kwenye orodha? Mkuu wa maabara je? Yaandikeni kwenye karatasi kabla ya makala ya kwanza, hata kama inaonekana ukosefu wa adabu. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sababu ya mpangilio wa majina matatu.

*Muda.* Hauko mikononi mwako. Jarida linaweza kukukatalia kwa wiki mbili au kukaa nawe mwaka mzima ndipo likukatalie.

*Fedha.* Majarida mengi ya wazi humtoza mwandishi, na ada hiyo kwa makala moja inaweza kuzidi mshahara wa miezi. Zamani mwandishi wa Tanzania alizoea kusamehewa. Lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza nchi kwenye kundi la uchumi wa kati ngazi ya chini, na baadhi ya wachapishaji kwao msamaha kamili ukawa punguzo. Andikia jarida uulize kabla ya kuwasilisha, si baada ya makala kukubaliwa. Na ukipata barua pepe inayokuita mtafiti mashuhuri na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, ifute. Makala iliyotoka kwenye jarida la kitapeli haikai tu bure: mtahini wa nje akiiona anaanza kuzitilia shaka na zile nzuri.

*Pa kukwamia.* Sehemu mbili. Makala ya pili, wakati ya kwanza imerudishwa kwa marekebisho makubwa na ya tatu haijaanza. Halafu ile sura ya kuunganisha, ambayo watu huiona ya kumalizia wikiendi moja. Makala nne nzuri zisizozungumza zenyewe kwa zenyewe hazifanyi tasnifu, na mtahini huuliza hilo kwanza.

*Inamfaa nani.* Watu wa afya, kilimo na sayansi za maabara, ambao data zao hugawanyika kwa asili, na ambao wako kwenye kundi la utafiti lililozoea kuchapisha. Inamfaa pia anayetaka kupanda cheo haraka baada ya kuhitimu, maana anatoka na machapisho mkononi. Kwa anayeandika kwa Kiswahili, fikiri vizuri: majarida ya kitaaluma yanayopokea Kiswahili ni machache, *Kiswahili*, *Mulika* na *Kioo cha Lugha* yakiwa ndiyo yanayojulikana zaidi, na foleni yake ni yenu nyote.

Mtandao au sandwichi

*Usimamizi.* CARTA, jumuiya ya kusomesha watafiti wa Afrika iliyoanzishwa 2008 na kuongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, imekuwa ikichukua wafanyakazi wa taasisi wanachama, nyingi zikiwa vyuo vikuu vya Afrika, wanaosoma mambo ya afya ya umma na idadi ya watu. Kwetu mlango wake mmoja ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye ofisi Mikocheni. Mwanafunzi anabaki amesajiliwa chuoni kwake, ila kundi lake lote hukutana kwa semina nne za pamoja zilizopangwa kwa hatua: kujenga swali, mbinu, kuchakata na kuandika, kisha kuhitimu na maisha baada yake. Wasimamizi nao wanapewa mafunzo, na hilo ndilo linalonivutia kuliko yote. Vyuo vingi vinampa mtu kazi ya kusimamia kwa sababu tu yeye mwenyewe alihitimu.

Sandwichi ni ya zamani zaidi. Muhimbili, kwa mfano, imesomesha wengi kwa ushirikiano na vyuo vya Sweden kama Karolinska, Umeå na Uppsala: uwandani ni hapa, uchambuzi na uandishi ni kule, unaenda na kurudi. Kule hakuna anayekuita kikaoni. (Umeå mwezi Januari jua hutoka saa chache tu kwa siku, hivyo sababu ya kutoka ofisini nayo haipo.)

*Muda.* Hutunzwa vizuri kwa sababu mfadhili ana tarehe.

*Fedha.* Ndiyo njia yenye msaada mkubwa na ndiyo yenye mlango mwembamba. Lazima uwe wa taasisi fulani, fani fulani, mara nyingi na umri usiozidi kiasi fulani. Na fedha ikiisha kabla yako, imeisha.

*Pa kukwamia.* Kurudi nyumbani. Unashuka Terminal 3 ukiwa na sura mbili na ari mpya, Jumatatu unakuta umepangiwa kozi tatu za kufundisha kwa sababu "ulikuwa mapumzikoni". Pia wasimamizi wawili wa nchi mbili wanaweza kukuvuta huku na huku, mmoja anataka makala, mwingine anataka kitabu. Waite kwenye mkutano mmoja wa mtandaoni, waelewane mbele yako, kisha waandikie mlichokubaliana.

*Inamfaa nani.* Mwajiriwa wa taasisi mwanachama ambaye familia yake inaweza kumkosa wiki kadhaa kwa mara. Kwa mama wa mtoto mchanga, uliza waziwazi kama semina zinapokea mtoto na mlezi. Usiache kuomba kwa kudhani jibu.

Msaada unaoweza kuubeba kwenye njia yoyote

Mengi yanayoitwa mapya katika elimu ya uzamivu hayahitaji mfadhili. Ulaya yenyewe, kwenye kanuni za elimu ya uzamivu zilizokubaliwa Salzburg mwaka 2005, ilisisitiza mkataba wa wazi kati ya mwanafunzi, msimamizi na chuo. Karatasi moja inatosha: tutakutana lini, rasimu itarudi baada ya wiki ngapi, msimamizi akisafiri nani anashika. Msimamizi wa pili awe mtu wa kweli, si jina la kujaza nafasi.

Kisha kikundi cha kuandika. Watu watano wa idara tofauti, Jumamosi asubuhi, kwenye maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa 2018. Simu zinalala kifudifudi mezani, mnaandika saa moja na nusu bila kusemezana, halafu kila mtu anasoma aya moja kwa sauti. Wa sosholojia hajui chochote kuhusu udongo, na ndiyo sababu anakuwa wa kwanza kusema, "Hapo mimi umeniacha." Kwa aliye kwenye njia ya tasnifu pekee, kikundi hiki kinaziba karibu nusu ya pengo lake.

Kwa hali yako

Kama ni mtumishi wa ofisi, hupati ruhusa ya masomo, na swali lako linatoka kwenye kazi unayoifanya kila siku, tasnifu pekee inakubeba, mradi ujenge kikundi kabla ya kwenda uwandani. Usisubiri urudi.

Kama ni mhadhiri msaidizi mwenye ufadhili wa mwajiri na takwimu zako zina kutu, chukua kozi. Ila andika kurasa mbili za wazo lako katika muhula wa kwanza, zikae zikikusubiri upande wa pili wa mtihani.

Kama uko kwenye mradi wa utafiti wenye data zinazoingia na mkuu wa mradi anayechapisha kila mwaka, makala. Mkuu wa mradi akiwa hachapishi, hata kama data ni nyingi, rudi kwenye tasnifu.

Kama taasisi yako ni mwanachama wa mtandao, omba, na omba tena ukikosa. Wakati huohuo usiache mpango wa pili ulale, kwa sababu nafasi ni chache na umri unasonga.

Kama unajilipia mwenyewe, anza na njia ambayo ukisimama mwaka mmoja kwa kukosa ada haikufukuzi. Uliza kanuni ya kuahirisha masomo kabla ya kuuliza ada.

Na kama umebaki kati ya wasimamizi wawili au njia mbili na huwezi kuamua, wapelekee wote kurasa zilezile mbili wiki ileile. Tazama nani amejibu, baada ya siku ngapi, na kama alichoandika pembeni kinakuambia la kufanya kesho asubuhi. Halafu mtafute mwanafunzi wake wa mwaka wa tatu, mnunulie chai pale Savei, karibu na chuo, na umuulize sura yake ya mwisho ilirudi lini.